Hoki ya vyuo Boston wakati wa korona: mlangoni safi, koridoni ovyo

Eneo la Boston lina vyuo vinne vinavyojulikana zaidi kwa hoki ya barafu ngazi ya juu: Boston College, Boston University, Harvard na Northeastern. Msimu wa 2021-22 ndio watazamaji waliporudishwa viwanjani baada ya mwaka mzima wa viti vitupu, na walirudi kwa masharti: cheti, barakoa, tiketi ya simu. Mchezo wenyewe haupimwi hapa, ulikuwa mtamu kama siku zote. Kinachopimwa ni huduma: mtu alipokelewaje mlangoni, alikaa vipi, alikula wapi, na mechi ikifutwa pesa yake ilikwenda wapi.

Hukumu kwa ufupi: mlangoni walifanya kazi nzuri kuliko tulivyotarajia, kitini hali iliridhisha, na zile dakika 15 za mapumziko zikabomoa nusu ya kilichojengwa mlangoni.

Turudi nyuma kidogo. Machi 12, 2020 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilifuta mashindano yake yote yaliyobaki ya msimu wa baridi na wa kuchipua, na fainali za hoki za Detroit zikaenda na maji. Msimu uliofuata vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe ambamo Harvard imo, havikucheza kabisa, na ECAC, ligi ya hoki ya Harvard, ikabaki na timu nne. Massachusetts ilifunga viwanja vya barafu vya ndani kwa wiki mbili kuanzia Oktoba 23, 2020, baada ya kuhesabu mikusanyiko ya maambukizi isiyopungua 30 iliyotokana na hoki, yenye wagonjwa 108. Beanpot, kombe la vyuo hivyo vinne linalochezwa Jumatatu mbili za mwanzo wa Februari, halikufanyika 2021, mara ya kwanza tangu lianzishwe 1952. Mashabiki waliuziwa picha zao za kadibodi zikakalishwa vitini. Hizo angalau hazikuhitaji barakoa.

Kwa nini hoki hasa? Aliyezoea hoki ya nyasi, kama ile ya Nairobi, aelewe kwamba ukumbi wa barafu una tabia zake. Barafu hutunzwa kwenye nyuzi chache chini ya sifuri, na hewa iliyo juu yake ni ya baridi na nzito, hukaa chini. Hewa ya vuguvugu hupanda darini, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki upesi. Mwenye uwanja naye hapendi kuvuta hewa nyingi kutoka nje, maana unyevu wake huharibu barafu na kupandisha bili ya umeme. Ukuta wa mbao na vioo unaouzunguka uwanja hushika pumzi za wachezaji kama beseni linavyoshika maji. Juni 2020 huko Florida, mechi moja tu ya watu wazima wanaocheza kujiburudisha ilifuatwa na dalili za ugonjwa kwa wachezaji 14 kati ya 22, pamoja na mfanyakazi mmoja wa uwanja.

Kwa mtazamaji somo ni dogo lakini lina maana: tiketi ya bei kali nyuma ya vioo, karibu na mabenchi, haikuwa biashara nzuri. Wachezaji wanahema kwa nguvu mita mbili mbele yako, na mchezo wenyewe huoni vizuri, maana paki, kile kisahani kigumu kinachopigwa badala ya mpira, ikiingia pembe ya upande wako inapotelea chini ya ukuta wa mbao. Kuanzia safu ya kumi kwenda juu unaona mashambulizi yanavyopangwa, na kwa kawaida unalipa kidogo.

Sasa mlangoni. Kuanzia Agosti 27, 2021 jiji la Boston lilitaka barakoa katika sehemu zote za ndani zinazopokea umma. Kuanzia Januari 15, 2022 likaongeza cheti cha chanjo: dozi moja ilitosha kwa kuanzia, na hadi Februari 15 ilibidi uwe umekamilisha. Kadi halisi ya chanjo ilikubaliwa, picha yake kwenye simu ilikubaliwa, kumbukumbu nyingine rasmi ya chanjo ilikubaliwa, na programu za simu za kuthibitisha pia. Hapo jiji lilifikiri vizuri. Kadi ya Marekani ina ukubwa wa takriban sentimita 10 kwa 7.5 na haiingii kwenye pochi ya kawaida. Anayeibeba hovyo huikunja, ikilowa wino unafutika. Ilifaa kupiga picha pande zote mbili, kuiweka kwenye albamu yake peke yake, na kadi kuiacha nyumbani.

Waliochanjwa nyumbani Afrika Mashariki walikuwa na kazi ndogo ya ziada. Aliyepata Janssen Tanzania alikuwa amekamilisha kwa dozi moja, aliyepata AstraZeneca Kenya alihitaji zote mbili. Tatizo lilikuwa mhudumu wa mlangoni, ambaye usiku mzima anatazama kadi nyeupe za aina moja, na ghafla anaonyeshwa cheti cha serikali asichokijua. Mwenye cheti cha namna hiyo ilimfaa aende dakika 40 kabla ya mchezo na si 15, afungue moja kwa moja ukurasa wenye jina, aina ya chanjo na tarehe, na awe na pasipoti au kitambulisho chenye picha kinachosomeka jina lile lile. Majina yakipishana, cheti kikisema majina matatu na pasipoti mawili, ndipo foleni iliposimama na watu wa nyuma wakaanza kuguna.

Tiketi za simu ni nzuri zikifanya kazi. Zinazokwama hukwama kwa sababu zile zile. Ya kwanza ni picha ya skrini: mifumo mingi hubadilisha msimbo kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha uliyotumiwa na rafiki haisomeki. Ya pili ni mtandao: watu elfu sita wanafungua programu ile ile kwenye jengo la zege kwa wakati mmoja. Pakua tiketi kwenye pochi ya simu ukiwa bado nyumbani. Ya tatu ni kundi. Mtu mmoja akishika tiketi tano, watano wote walisubiri mmoja wao atafute cheti chake. Mhamishie kila mmoja tiketi yake kabla ya kutoka. Na simu ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi ya Boston ya Februari hushusha chaji haraka, na simu iliyozimika ilizima tiketi na cheti kwa pamoja. Begi nalo liangalie. Kumbi nyingi zinazotaka begi la plastiki angavu hukomea inchi 12 kwa 6 kwa 12, na begi la mgongoni la mwanafunzi litarudishwa kwenye gari.

Ukishapita hapo unafika koridoni, na ndiko tunakolalamika. Hoki ina mapumziko mawili, kila moja kama dakika 15, mashine ikilainisha barafu. Karibu kila mtu huinuka kwa wakati mmoja. Sheria iliruhusu kuvua barakoa unapokula au kunywa, kwa hiyo watu waliokaa kwa adabu dakika 20 wakiwa wamefunika pua walijikusanya wote kwenye njia moja, uso wazi, bisi mkononi, wakipiga kelele ili wasikike. Wahudumu waliokuwa wakitembea na vibao vya kukumbusha barakoa walikuwa vitini, ambako shida ilikuwa ndogo zaidi. Tungewahamishia koridoni tangu siku ya kwanza.

Majengo yanatofautiana sana hapa. Agganis Arena ya Boston University ilifunguliwa 2005 na korido yake ni pana, unaweza kusimama pembeni ukala bila kusukumwa. Matthews Arena ya Northeastern ilijengwa 1910 na ilifungwa 2025. Ilikuwa na roho ambayo kumbi mpya hazina, roshani zilikaribia barafu kiasi cha kusikia visu vya viatu vikikata, lakini njia zake zilikuwa nyembamba na wakati wa mapumziko msongamano wake ulikuwa wa kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni. Uwanja wa Harvard, Bright-Landry, ni mdogo, una watu kama 3,000 ukijaa. Kibaya ni kwamba wimbi la Omicron lilipofika, baadhi ya vyuo vya Ivy League vilizuia watazamaji Januari 2022, na aliyenunua mapema alibaki na tarehe zisizotumika.

Dawa ya korido ni saa. Toka kitini zikiwa zimebaki dakika tatu kipindi kiishe, paki ikisimama kwa kosa au kwa kutoka nje. Foleni ya soseji wakati huo ina watu wanne, baada ya dakika tatu ina arobaini. Ukishindwa, subiri: dakika mbili za kwanza za kipindi kinachofuata njia huwa tupu. Wahudumu hukuzuia kurudi kitini mchezo ukiendelea, kwa hiyo utasimama juu ya ngazi hadi filimbi ilie. Malipo yalikuwa ya kadi au simu tu sehemu nyingi, na huo ni mmoja wa urithi wa korona tunaoukubali bila kinyongo, japo aliyekuja na noti ya dola 20 peke yake alilala njaa.

Kitini, adui mkubwa alikuwa ukungu wa miwani. Pale kwenye viti joto huwa nyuzi 10 hadi 15 hivi, pumzi ya moto inapanda juu ya barakoa na kugonga kioo baridi. Kubana waya wa pua hakutoshi. Kipande cha plasta ya hospitali chenye urefu wa sentimita tano juu ya daraja la pua kinamaliza kazi. Barakoa ya kitambaa hulowa kabla ya kipindi cha pili kwisha, na ikilowa inakuwa ngumu kupumua, ndiyo maana ifikapo kipindi cha tatu unaona pua zimejaa nje. Aina ya KN95 husimama mbali kidogo na mdomo na hudumu zaidi. Beba ya pili kwenye mfuko wa karatasi, uibadilishe mwanzo wa kipindi cha tatu.

Usikae mbele ya jukwaa la wanafunzi wala la bendi kama unajali afya yako. Wanafunzi wanaimba mchezo mzima, na nyimbo nyingine si za kumpeleka mama mkwe. Ramani ya viti huonyesha sehemu yao. Chagua upande unaotazamana nao: unawaona, unawasikia, na pumzi zao haziko kisogoni mwako.

Beanpot ya 2022 ilichezwa TD Garden, ukumbi mkubwa wa jiji la Boston, Februari 7 na 14, mechi mbili kila usiku kwa tiketi moja. Kwa bei ni nafuu. Kwa afya ni takriban saa sita ndani ya jengo, mapumziko manne badala ya mawili, na pengo kati ya mechi ambapo mashabiki wa vyuo vinne wanapishana kwenye korido zile zile. Asiyekuwa na timu ya mapenzi angekuja mechi ya pili tu. Boston University waliifunga Northeastern 1-0 kwenye fainali, mechi ya makipa. Siku nne baadaye jiji liliondoa sharti la cheti, na Machi 5 barakoa ikafuata. Denver walipoifunga Minnesota State 5-1 kwenye fainali ya taifa Aprili 9, ukumbi ule ule, sharti la jiji la kuonyesha kadi mlangoni lilikuwa limekwisha kufutwa.

Kwenye mechi kufutwa, soma maneno ya tiketi kabla ya kulipa. Mechi iliyofutwa hurudishiwa pesa. Iliyoahirishwa huhamia tarehe mpya, mara nyingi katikati ya wiki, na tiketi yako inahesabiwa bado ni halali hata kama umetoka mbali na huwezi kurudi Jumanne. Uliyenunua kwa mtu wa pili, malipo huenda yakarudi kwake. Na taarifa huja ikiwa imechelewa: Machi 26, 2021 Michigan waliondolewa kwenye mashindano ya taifa huko Fargo siku ile ile ya mechi, kwa sababu ya vipimo, na Minnesota Duluth wakapita bila kucheza. Hoteli isiyorudisha pesa usiiguse.

Kama tungeulizwa tiketi moja ya kununua msimu ule, tungesema timu ya wanawake ya Northeastern, waliofika fainali ya taifa 2021 na kushindwa 2-1 na Wisconsin katika muda wa nyongeza. Bei chini, viti vingi wazi kiasi cha kujipangia umbali, korido ilipitika hata pale Matthews. Wanawake hawaruhusiwi kugongana mwili kama wanaume, kwa hiyo pasi ni nyingi na mchezo unasomeka haraka kwa mgeni.

Jambo la mwisho ni vipimo vya nyumbani, ambavyo serikali ilianza kugawa bure Januari 2022, vinne kwa kila kaya. Pima siku ya mechi kabla ya kutoka, na tena siku ya tano baada yake. Kifurushi kikiachwa na posta barazani usiku wa Februari, kimiminika huganda. Kiingize ndani bila kukifungua, kikae kwenye joto la chumba kwa muda wa saa mbili ndipo upime.