Nyari kwa Miguu: Tathmini ya Matembezi Magumu ya Arabuko-Sokoke na Vilima vya Jirani

Ukiutazama Msitu wa Arabuko-Sokoke kutoka barabara ya Mombasa–Malindi, unaona miti imesimama kwenye ardhi tambarare na unajiambia hapa hakuna cha kumtoa mtu jasho. Mlima haupo, hilo ni kweli. Hata ukingo wa juu wa msitu hauna kimo cha kumtia mtu kizunguzungu. Lakini matembezi kamili kutoka kituo cha misitu cha Gede hadi ukingo wa Nyari yanaweza kumshinda mtu aliyezoea kupanda vilima vya bara. Ugumu wake unatokana na mchanga, joto lisilo na upepo na njia zinazofanana.

Kinachotathminiwa hapa ni huduma ya matembezi ya kuongozwa inayopatikana Gede, kilomita kama ishirini kusini mwa mji wa Malindi, na mwishoni kuna maneno machache kuhusu korongo la Marafa na kilima cha Mangea. Ukitokea mjini, matatu yoyote ya kwenda Mombasa hukushusha Gede. Malipo ya kuingia siku hizi hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, basi fungua akaunti na uhakikishe inafanya kazi ukiwa bado nyumbani. Saa kumi na mbili alfajiri langoni si wakati wa kutafuta nywila.

Matembezi yanayochukuliwa na wengi ni mzunguko mfupi karibu na kituo, wa saa mbili au tatu, mahususi kwa ndege. Ni mazuri kwa watoto na wazee. Njia iko kwenye msitu mchanganyiko wa upande wa mashariki, kuna kivuli cha mibambakofi, na ardhi haichoshi. Huko ndiko unakoweza kumwona sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akikimbia juu ya majani makavu. Usikilize ule mchakacho kabla ya kuanza kutafuta kwa macho, kwa sababu ukishamwona huwa tayari anaondoka. Ukitaka jambo la kukupima, lakini, mwambie mwongozaji mapema kwamba unataka Nyari na unataka kutembea. Usipotaja miguu, utapangiwa gari.

Msitu huu wa kilomita za mraba zipatazo 420 umegawanyika katika aina tatu za uoto, na anayetoka Gede kwenda magharibi hupita zote. Baada ya msitu mchanganyiko unaingia kwenye miti ya mirihi, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mirihi humea kwenye mchanga mweupe usio na rutuba. Matawi yake ni ya juu na yameachana, kwa hiyo jua linafika hadi chini, na mchanga wenyewe ni laini kama wa ufuoni. Mtu anayetembea kilomita tano kwa saa barabarani ategemee nusu ya hapo. Anayesukuma kwa vidole vya miguu huchoka misuli ya nyuma ya mguu haraka, kwa sababu kila hatua inateleza kurudi. Kanyaga kwa wayo mzima, chukua hatua fupi, na ufuate pembezoni mwa njia ambako majani na mizizi midogo imeushika mchanga. Katikati, penye alama za magurudumu, ndipo pabaya zaidi.

Zaidi ya hapo ardhi inaanza kuinuka taratibu, na rangi inabadilika kutoka nyeupe kuwa nyekundu katika umbali mfupi sana. Miti inafupika na kushonana, vichaka vinabana pande zote mbili, na upepo unakatika. Joto la hapa si la jua kama kule kwenye mirihi. Ni joto la unyevu, jasho halikauki mwilini, na mtu anaweza kuzidiwa akiwa kivulini. Kwenye vichaka hivi vya udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa kimo cha sentimita kama kumi na sita tu. Mwongozaji mzuri huweza kukuonyesha alipolala mchana. Ukiachwa peke yako utapita chini yake usijue.

Kisha unatokea Nyari. Ukingo unafunguka upande wa mashariki, msitu wote umelala chini yako, na siku isiyo na ukungu unaona Mkondo wa Mida na bahari nyuma yake. Hapa hatuna la kulalamikia.

Swali linalogawanya watu ni kama uende na kurudi kwa miguu, au ugawe na gari. Shauri letu ni kupanda kwa miguu na kushuka kwa gari, ingawa wengi hupendelea kinyume chake kwa kuwa kushuka ni rahisi. Sababu ni ule mchanga mweupe. Ukianza Gede alfajiri, unaumaliza kabla ya saa tatu, ungali na baridi ya usiku. Ukianza Nyari, unaukuta saa tano, jua limekuwa kali na maji yako yamepungua. Kutembea kwenda na kurudi tunawashauri wale tu waliokwisha kufanya matembezi ya siku nzima ya joto la pwani, na wakubaliane kabla ya kuondoka saa ya kugeuka. Ikifika saa tano hamjafika ukingoni, geukeni. Msitu unaingia giza mapema kuliko nje.

Gari litakalokuja kuwachukua liwe la 4x4, na msilipange siku mbili za kwanza baada ya mvua kubwa. Mvua ileile inayokurahisishia mchanga mweupe, maana mchanga uliolowa hushika, ndiyo inayouharibu udongo mwekundu. Hugandamana kwenye viatu hadi mguu unakuwa mzito, na magurudumu huteleza kwenye miinuko midogo tu. Ndiyo sababu miezi ya Julai hadi Septemba, wakati wa kusi, ndiyo bora: joto limepungua na mvua za masika zimekwisha. Januari na Februari, kaskazi ikiwa imekolea, njia ni kavu lakini joto linataka mwili uliozoea. Mei usihangaike.

Maji: lita nne kwa kila mtu anayetembea kupanda tu, tano kwa wa kwenda na kurudi. Njiani hakuna pa kujaza. Mabwawa ya msimu yapo, ila maji yake ni ya ndovu na ya vyura. Gandisha chupa mbili usiku zikiwa zimejaa robo tatu, usijaze hadi juu, zitapasuka. Chukua paketi mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na kitu cha chumvi. Tende, karanga na mayai ya kuchemsha hustahimili joto. Vyakula vya tui la nazi viache nyumbani, huchacha kabla ya saa nne. Dalili za kusimama mara moja ni kichwa kuuma, kichefuchefu, na mtu kuanza kujibu maneno yasiyohusiana na swali. Huyo mpumzishe kivulini, mlegeze nguo, mloweshe shingo na makwapa, umpepee. Aliyechanganyikiwa asipewe maji mdomoni kwa nguvu, na safari imekwisha; anahitaji hospitali.

Viatu viwe vya kufunika mguu na vilivyokwisha kuvaliwa. Viatu vya kukimbilia vyenye vitundu juu hupitisha mchanga mpaka ndani ya soksi, na malengelenge huanza kabla ya udongo mwekundu. Akala, ndara za matairi, ni nzuri kwa mwenyeji anayejua pa kuweka mguu, si kwa mgeni kwenye nyasi za kupe. Suruali ndefu, soksi ndefu zivutwe juu ya suruali, na shati la mikono mirefu la rangi ya mchanga. Usivae buluu iliyokoza wala nyeusi: mbung'o huvutwa na rangi hizo, na msitu huu unao. Dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu huwazuia mbu vizuri zaidi kuliko inavyowazuia mbung'o, ambao huuma hata juu ya nguo nyembamba. Jihadhari pia na upupu. Maganda yake yenye manyoya ya kahawia hupendeza macho, lakini ukiyagusa utajikuna mpaka jioni.

Simu yenye ramani iliyopakuliwa inasaidia, ila isiwe ndiyo mwongozaji wako. Barabara za ndani ni nyembamba, zinakutana na kuachana, na kila njia panda inafanana na ile uliyoiacha. Kujua kwamba lami iko mashariki hakukusaidii sana, maana kati yako nayo kuna vichaka ambavyo mtu hapenyi bila panga. Ukipotea, kaa kwenye njia. Usikate katikati.

Ndovu ndio sababu kubwa ya kutotembea bila mwongozaji. Nyanda za wazi mtu humwona ndovu kwa mbali. Hapa unaweza kumkuta hatua thelathini mbele yako, na yeye pia akashtuka. Mwongozaji anayefaa utamtambua kwa mambo madogo. Husimama mara kwa mara bila kueleza kwa nini, hupima upepo kwa vumbi la mkononi, hugusa kinyesi kuona kama kina joto, na husema kwa sauti ya chini hata kama hakuna kitu. Anayecheka kwa sauti na kucheza muziki wa simu, mshukuru mtafute mwingine. Kabla ya kukubaliana, muulize: je, kutakuwa na askari wa msitu pamoja nasi? Upande gani ndovu wameonekana wiki hii? Tukikuta njia imezibwa tutapita wapi? Anayejua kazi atakujibu papo hapo, na huenda akaongeza maswali yake juu ya afya yako na viatu vyako. Lipa vizuri mtu wa namna hiyo. Ujuzi huu haupatikani kwa kusoma.

Nyoka hukimbia mtu kuliko mtu anavyowakimbia, isipokuwa kifutu, ambaye hulala palepale akitegemea rangi yake. Usikae kwenye gogo kabla ya kulizunguka. Akiuma, mguu utulizwe kwa kufungwa kwenye ubao, usichanjwe wala kufyonzwa, usifungwe kamba ya kubana, na mgonjwa abebwe badala ya kutembezwa, afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo.

Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi kupitia daraja la Sabaki, husifiwa kama matembezi magumu. Si marefu: korongo unalishuka na kulizunguka kwa saa moja hivi. Ugumu wake uko kwenye mteremko wa mchanga uliolegea, ambapo unashuka kiubavuubavu, na kwenye joto linalorudishwa na kuta. Nenda baada ya saa kumi alasiri, wakati ambapo nyekundu na waridi za kuta zinakolea. Usisimame ukingoni juu, kwa kuwa mmomonyoko uliolichonga korongo haujakoma, na kingo huachia bila onyo. Vijana wa kijiji huongoza, na kiingilio chao ni haki yao.

Mangea, upande wa Ganze, ndicho kilima chenyewe kwa anayetaka kupanda hasa: mita zipatazo 520, na vipande vya msitu juu. Huduma ya utalii usiitarajie. Unaanza kwa kubisha hodi kwa mzee wa kijiji, ueleze nia yako, upewe kijana wa kukupeleka. Njia hupita mashambani kabla ya kuingia vichakani, kwa hiyo usikanyage mazao, na ukielezwa kwamba mahali fulani hapaingiwi, usiulize mara ya pili.

Ukirudi kutoka popote kati ya hapo, usiingie na nguo zile kitandani. Zianike juani au zioshe kwa maji moto siku hiyohiyo. Kupe wachanga ni wadogo kama punje ya ufuta, hujificha nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Watoe kwa kibanio, ukishika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na moto wa sigara havifai. Homa ikikushika ndani ya wiki mbili, pima malaria, lakini pia mwambie daktari kwamba ulikuwa msituni na uliumwa na kupe, kwa sababu mwenyewe hatalifikiria.