Siku kumi na mbili na fotometa ya mkononi baharini Mtwara, na saa iliyonitia aibu

Wadau habari zenu. Niliahidi kuandika kuhusu ile mashine ya kupima chembe za hewani niliyozunguka nayo baharini mwezi wa tisa, muda ndo nimepata leo. Kampuni siitaji maana sikununua, niliazimwa na watafiti waliokuja, na balaa kubwa kuliko yote nililifanya mimi mwenyewe siyo mashine, mtaona.

Ni fotometa ya jua, ya kushika mkononi, umbo lake kama vile viredio vya betri wazee wanavyoenda navyo shamba. Mbele ina kioo, ndani ina vichujio vitano, kila kimoja kinapitisha rangi yake ya mwanga. Unaielekeza kwenye jua inapima mwanga uliofika. Yenyewe tayari inajua mwanga ungekuwa na nguvu gani kama hapa katikati kusingekuwa na kitu, kwa hiyo kilichopungua ndo kilicholiwa njiani, inatoa sehemu ya hewa yenyewe na ozoni kwa hesabu, kinachobaki ni chembe, yaani chumvi ya mawimbi, moshi, vumbi. Ikikuandikia 0.1 maana yake jua likiwa utosini kama asilimia 10 ya mwanga wake wa moja kwa moja imezuiwa na hizo chembe. Na wastani wa baharini duniani ni kama 0.11 tu, wakati mashine yenyewe inaweza kukosea kwa 0.02, sasa piga hesabu, unawinda kitu kidogo hivyo, tone moja la maji ya chumvi likikaukia kwenye kioo umeshajidanganya. Mimi nilikuwa nafuta kioo kila nusu saa na bado naona ukungu.

Nilimuuliza mtafiti mmoja kwa nini tuteseke na boti wakati setilaiti zipo. Akasema setilaiti inatazama toka juu na bahari ina mng'ao wa jua na povu, vinaichanganya, lazima awepo mtu chini wa kuihakiki. Nchi kavu wana mtandao wa NASA unaitwa AERONET, mashine zao zimefungwa sehemu moja zinafuata jua zenyewe, ila ukiifunga mashine ile kwenye chombo kinachoyumba jua linaipotea. Ndo maana kwa upande wa bahari wakaunda Maritime Aerosol Network, inakusanya vipimo tangu 2006, ni mabaharia na watafiti kwenye meli za kila aina wanashika kwa mikono yao kama nilivyoshika mimi.

Sasa kuitumia. Kwenye kidirisha unaona kidoa cheupe cha jua na duara, unatakiwa kidoa kikae katikati ya duara, unabonyeza, unatulia kama sekunde kumi. Sekunde kumi nchi kavu si kitu, nje ya Msimbati na kusi linavuma ni kazi, wimbi linakunyanyua kidoa kinakimbia, unakirudisha kinakimbilia upande wa pili. Kusimama nilishindwa siku ya kwanza tu. Dawa niliyopata ni kukaa chini, mgongo kwenye ubavu wa boti, viwiko juu ya magoti, na mashine nimeifunga mkononi kwa mshipi wa kuvulia maana kamba iliyokuja nayo sikuiamini. Na ukae joshini, upande unakotoka upepo, la sivyo unapima moshi wa injini yenu halafu unasema bahari chafu. Unapiga vipimo vitano au zaidi mfululizo, halafu unaangalia kile chenye namba ndogo, kwa sababu mkono ukiteleza au kiwingu kikipita mwanga unapungua na namba inapanda, haiwezi kushuka kwa kosa la namna hiyo. Hii kanuni niliipenda sana. Mawingu ndo adui mkuu, kuna siku tulitoka alfajiri tukarudi jioni na vipimo viwili.

Haya, aibu yangu. Siku ya tatu waya wa GPS, ule unaoipa mashine mahali na saa ili ijue jua liko wapi, ulikuwa haukai vizuri kwenye tundu lake, nikasema isiwe tabu, naingiza mahali na saa kwa mkono. Nikachukua saa ya simu nikaijaza. Asubuhi namba zikaja 0.26, nikafurahi, nikamwambia nahodha mzee leo kuna moshi mwingi umeshuka toka bara. Saa sita mchana 0.06. Nikashangaa lakini nikanyamaza. Saa tisa alasiri mashine ikatoa namba HASI. Jamani hasi maana yake hewa ina chembe pungufu ya sifuri! Nikaanza kupekua skrini, nikakuta imeandika jua liko karibu kabisa na upeo wa bahari, linazama. Nahodha akachungulia, akatazama juu, akaniambia, "Mwanangu, huyo mwenzio anaswali magharibi sisi hata alasiri bado."

Kumbe mashine inataka saa ya Greenwich. Kwa nahodha saa tisa, kwenye simu 15:00, Greenwich 12:00, na mimi nimeijazia 15:00, kwa hiyo yenyewe ikijumlisha masaa yetu matatu inajua huku Mtwara ni saa kumi na mbili jioni. Hapo inahesabu mwanga umekatiza hewa nyingi mno kuliko uhalisia, na asubuhi inahesabu hewa pungufu, hesabu yote inapinda, asubuhi inapindia juu na mchana inapindia chini. Kilichoniokoa ni kwamba inahifadhi na usomaji ghafi wa mwanga, tuliporudi wakapunguza masaa matatu kwenye kompyuta, siku ikapona. Kwa hilo tu naipa mashine heshima yake. Lakini kitabu chake cha maelekezo hiyo habari ya saa kimeiweka katikati huko, kurasa nyingi ndani, na kwa mtu wa Afrika Mashariki mwenye saa za aina mbili kichwani tayari, hiyo ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vitamu kuliko nilivyotegemea. Alfajiri karibu na pwani, upepo wa umande ukitoka nchi kavu na watu wanachoma mashamba, rangi ya bluu inaliwa sana kuliko nyekundu, ndo dalili ya chembe ndogondogo za moshi. Mchana tukiwa mbali na kusi limeshika, rangi zote zinapungua karibu sawa, hizo ni chembe kubwa za chumvi. Yaani bila kunusa kitu unajua hewa imetoka wapi.

Betri ni nne, zile za saa ya ukutani, tulibadilisha mara moja tu. Skrini juani haisomeki mpaka uifunike na kofia. Napa nyota nne, ya tano imebaki kwenye ule waya.

Wakirudi kaskazi nimeshawaambia waniite. Mwaka 1999 kwenye mradi wa INDOEX, meli na ndege zilikuta ukungu wa moshi na uchafu toka Asia ya Kusini umetanda Bahari ya Hindi kushuka mpaka maeneo ya ikweta, na ulikuwa msimu huohuo wa upepo wa kaskazini mashariki. Nataka nione kwetu huku Lindi na Mtwara kinafika kiasi gani. Waya wa GPS nitakuja na wa kwangu.