Nimekodi baiskeli ya graveli Lushoto: tairi kavu, majibu makavu

Mwenye haraka asipoteze bando: msikodi kwa watu hawa. Mwenye muda asome mpaka chini, maana kuna mahali nitawasifia, na nitasifia kwa shingo upande.

Graveli ni baiskeli yenye usukani wa mapinda kama ya mbio, ila tairi zake pana, za barabara za vumbi. Mambo ya fremu ya nini na giya ngapi yako mtandaoni, katafuteni. Mimi nina neno moja tu nao, tairi.

Wanatangaza tyublesi kama dawa ya kila kitu. Haina tyubu, haipati pancha, wewe kanyaga tu mpaka kijiji cha Mtae. Jamani, tyublesi isiyo na dawa ndani ni tairi tu lililobana rimu. Kinachoziba ni ile dawa ya majimaji. Kitu kikitoboa, hewa inayotoka inaisukuma dawa kwenye tundu, inagandia hapo hapo, unaendelea na safari. Tairi la upana wa milimita 40 linataka kama mililita 60, na kwa joto letu dawa hiyo inaweza kukauka ndani ya miezi miwili mitatu, hasa baiskeli ikishinda chini ya bati bila kuzungushwa. Tairi nililopewa lilipofunguliwa njiani, kupita kijiji cha Lukozi, ndani kulikuwa na ukoko mweupe kama wa ugali uliosahaulika sufuriani. Unaubandua kwa kucha. Majimaji hata tone.

Na tundu lenyewe lilikuwa la milimita 3 hivi, katikati ya kashata, kazi ya jiwe lililochongoka. Barabara ile ikishamwagwa kifusi na kupitiwa na greda, mawe kama hayo yako kila mahali. Tundu la ukubwa huo, dawa mbichi inaliziba kabla hujashuka kwenye siti. Dawa ikishindwa kuna kamba za mpira za kusokomeza kwa sindano, mafundi wa pancha za magari wanazitumia kila siku. Kwenye kimkoba cha chini ya siti kamba haikuwemo. Kulikuwa na tyubu moja ya baiskeli ya mbio, ile nyembamba, na pampu fupi isiyo na mpira wa kuunganishia.

Hapa wanaojua wameshaguna. Tyubu nyembamba ndani ya tairi pana inaingia, lakini inavutika na kubaki laini mno. Pampu isiyo na mpira inakaa moja kwa moja kwenye valvu, na kila ukisukuma unaitikisa. Tyubu ilichanika pale pale shina la valvu linapoota, sehemu ambayo kiraka hakishiki hata umwage gundi chupa nzima. Ukiwa na pampu ya namna hiyo, shika valvu na kichwa cha pampu kwa mkono mmoja, kiwiko ukiegemeze gotini, ndipo usukume. Au dai pampu yenye mpira.

Fundi wa kijijini alikuwepo. Mzee mtulivu, kibanda chake kimejaa tyubu za baiskeli za Phoenix za inchi 28. Watu wengi hudhani tyubu hizo haziingiani na magurudumu ya kisasa. Zinaingiana! Kipenyo cha rimu ya Phoenix ni milimita 635, cha graveli 622, tofauti milimita 13 tu, na upana ni ule ule. Mzee akatoa tyubu mpya, akaishika valvu kwa vidole viwili, akaigusisha kwenye tundu la rimu. Haikupita. Valvu ya Phoenix ni nene, inataka tundu la milimita 8 na kitu. Rimu hizi zimetobolewa milimita 6 na nusu, kwa ajili ya zile valvu nyembamba za Kizungu.

“Mwanangu, tyubu zipo, tundu hamna.” Akachukua tupa ya duara. “Nitanue?”

Rimu ya aluminiamu pana kama ile ukiitanua kiasi hicho kwa kawaida haipati madhara ya maana, ni kazi ya dakika chache. Ila mali si yangu, kwa hiyo nikampigia mwenye duka kuomba ruhusa. Majibu yake nayaandika yalivyo: “Kaka, hiyo tyublesi. Haipati pancha. Labda wewe umeigongesha. Na huyo fundi wa vichakani asiguse rimu yangu.”

Fundi wa vichakani! Simu ilikuwa na sauti kubwa, mzee alisikia kila neno. Akairudisha tupa mahali pake, akaendelea na kazi zake. Baiskeli ilirudi Lushoto mgongoni mwa bodaboda, nauli juu yangu.

Sasa haki yao. Baiskeli yenyewe sina neno nayo. Giya nyepesi kuliko zote ilikuwa na meno mengi nyuma kuliko mbele, na hiyo ndiyo inayotakiwa ukitoka Lushoto mjini, mita 1,400 hivi, kwenda kuutafuta msitu wa Magamba uliovuka mita 2,000. Panda ukiwa umekaa, uzito uuache nyuma, tairi halitelezi kwenye ule udongo mwekundu. Kushuka, shika usukani kwenye mapinda ya chini, vidole viwili kwenye breki, bana na kuachia, bana na kuachia. Ukiibana mfululizo diski inapata moto na pedi zinaanza kupiga kelele. Kwenye kona kaa upande wako, Fuso za mboga haziombi njia. Upepo psi 30 hadi 35 unamtosha mtu wa kilo 70 na kidogo, ila ukishaweka tyubu panda hadi 40, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu. Masika msiende kabisa, udongo unajaa kati ya tairi na foki mpaka gurudumu linagoma.

Na ile njia ya mgongoni mwa mlima kuelekea Mtae, kabichi na viazi huku na huku, halafu ghafla ardhi inaisha na tambarare ya Mkomazi yote iko chini ya miguu yako... kwa baiskeli hii ni raha tupu. Hapo ningewapa nyota nne bila ubishi.

Halafu nakumbuka dhamana. Nimerudisha baiskeli, wamekata hela, eti rimu imekwaruzwa. Rimu ile ile waliyokataa isiguswe! Nyota moja. Hata kofia yao ilikuwa inanuka.

Mnaokwenda, mlangoni kwao fanyeni hivi. Vua gurudumu, litikise karibu na sikio, lazima usikie maji yakicheza. Usiposikia, fungua kile kijiti cha ndani cha valvu, valvu ikiwa upande wa chini kidogo, chomeka njiti nyembamba. Ikitoka kavu, waambie wajaze mbele yako. Dai kamba za kuzibia, dai tyubu ya upana wa 35 hadi 43 yenye valvu nyembamba, na kile kidude cha shaba cha kuvalisha juu ya valvu, maana bila hicho kompresa ya kibanda cha pancha haiwezi kukujazia. Legeza pia nati ya valvu kwa mkono. Ya kwangu ilikuwa imegandia kwa dawa ya zamani, ikahitaji koleo.

Na wenye duka, kama mnasoma, tanueni matundu ya rimu zenu zote yafike milimita 8 na nusu. Valvu nene za tyublesi zipo, hamtapoteza kitu, na kila kijiji chenye duka la vipuri kitakuwa na tyubu ya mteja wenu. Mkifanya hivyo, na mkienda kumwomba radhi yule mzee, nitakodi tena kesho.

Mpaka hapo, azimeni Phoenix. Kupanda Magamba mtaisukuma karibu njia nzima, lakini tyubu yake mtaipata mpaka kwa muuza chumvi.