Unanunua akwilegia? Anza na mzizi

Malalamiko mnayoniletea kuhusu akwilegia, mmea wa maua ya bustani, yanafanana: mche umenunuliwa ukiwa umechanua, umepandwa vizuri, na mwezi haukuisha ukanyauka. Wengi mnalaumu udongo. Mimi nalaumu kopo. Akwilegia huzamisha mzizi mmoja mnene moja kwa moja chini, na mzizi huo hautaki kuguswa. Mche ukikawia kwenye kopo dogo, mzizi hujizungusha kwa kukosa pa kwenda, na ukijaribu kuunyoosha unakatika. Kwa hiyo inua kopo, chungulia matundu ya chini. Ukikuta mzizi mnene umeshatokeza, urudishe mche hata kama ua lake limekuteka. Chukua mche mchanga wenye majani machache, ambao bado haujachanua.



Kati ya aina za akwilegia, ya kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni Aquilegia canadensis ya misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Ua lake jekundu lenye manjano huinama, na petali zake tano hurefuka kwa nyuma kama vikwaru vya jogoo. Mbochi, yaani maji matamu ya ua, umo kwenye ncha za vikwaru hivyo, na ndege mvumaji huufuata kwa ulimi wake mrefu. Inastahimili kivuli chepesi na udongo wa mawemawe.

Ya pili ni McKana, chotara yenye maua makubwa na vikwaru virefu, iliyopata tuzo ya All-America Selections, tuzo ya Marekani ya mimea mipya ya bustani, mwaka 1955. Aquilegia vulgaris ya Ulaya naiweka ya tatu: ngumu, na hujipanda yenyewe. Aquilegia caerulea, ua la jimbo la Colorado tangu 1899, ni nzuri mno, ila ni ya milimani, joto huichosha. Aina iitwayo 'Nora Barlow' haina vikwaru, basi mimi siinunui.

Pakiti rahisi za mbegu mchanganyiko zinawafaa wasiojali rangi.

Kwa mbegu napendelea Jelitto, kampuni ya mbegu ya Ujerumani, sifichi. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaookota mbegu kwenye bustani yenye akwilegia za kila aina, kisha wanaandika jina la aina moja na kupandisha bei. Akwilegia huchanganyika kwa urahisi sana. Mbegu zinahitaji baridi yenye unyevu kwa wiki kadhaa, tena hazifukiwi kwa sababu huota kwenye mwanga, na kwa kawaida ua huja mwaka wa pili. Mnunuzi anasubiri muda wote huo ndipo agundue kwamba aliuziwa kitu kingine, na muuzaji hajibu tena.