TAHADHARI: Anauza plastiki, anaiita sufu ya merino

Naandika nina hasira, mnisamehe. Na aibu pia, maana mlionikanya nisinunue kofia nisiyoishika mpo humu na najua mnacheka.

Ni yule muuza kofia za baridi mwenye zile picha za theluji. Simtaji, anayemjua keshamjua. Nilitaka kofia moja tu: nyepesi, inayokunjika ikakaa mfukoni, nivae kofia ya koti juu yake bila kubanwa, na isinigandishe nikitoka jasho. Nikamwandikia. Haikupita dakika akajibu, tena kwa sauti, mpole kama shehe: "Kaka, mimi mwenyewe napanda milima, siwezi kukuuzia nisichovaa." Akarusha na video. Kofia juu ya mzani mdogo wa jikoni, namba inasoma gramu 48. Akaivuta, ikarudi. Akaikunja, ikaingia kwenye kikombe cha chai. "Merino asilimia mia, kaka, sufu laini ya kondoo. Nusu ya joto la mwili linatokea kichwani, usicheze na kichwa." Nami nikatikisa kichwa hichohicho, peke yangu, mbele ya simu.

Hiyo nusu ni uongo, nimekuja kujua baadaye. Kichwa ni kama sehemu ya kumi tu ya mwili, na kikiachwa wazi kinapoteza joto kama kiungo kingine chochote kilichoachwa wazi.

Lakini niambieni, ningemshtukiaje? Alinikataza pamba, akasema ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto. Kweli. Akasema sufu inanyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa. Kweli tena. Tapeli mjinga unamjua kwa sentensi mbili. Huyu ana ukweli tisa na uongo mmoja, na huo mmoja ndio mzigo wenyewe. Nikatuma hela yote. Yote!

Ikafika siku moja kabla ya safari yetu ya kupanda mlima. Niliisikia nzito mkononi, nikajiambia basi ndilo joto lenyewe hilo. Tukaanza kupanda saa saba usiku. Nusu saa ya kwanza safi, jasho likaanza kutoka. Tulipofika kwenye ukingo, upepo ukaingia kama nimevaa chandarua, nahesabu tundu moja moja. Tukasimama mtu afunge kamba za viatu, dakika tano tu, paji la uso likaanza kuuma kama nimeng'ata barafu kwa meno ya mbele. Nikaivua. Ndani jasho limekaa juu ya nyuzi kama umande, pindo limeshakakamaa. Mwenzangu, mnamjua asivyo na maneno, akatoa kofia yake ya akiba ya flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi), nyembamba, haina mbwembwe, akasema: "Hiyo yako weka begi." Nikaivaa, nikafunika na kofia ya koti, nikapona. Yaani nimefika juu na kofia ya kuazima.

Kurudi nyumbani nikaipima: gramu 112. Nikachomoa uzi nikauchoma juu ya sinia. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua, moto haishiki vizuri, ukiondoa kiberiti inajizima na jivu lake linasagika vidoleni. Huu wangu uliyeyuka, ukajikunja kuwa shanga nyeusi ngumu. Plastiki tupu.

Nikamtumia picha ya ile shanga. Akajibu neno moja: "Umeifuaje?" Sijaifua! Nikaanza kuandika, kabla sijamaliza picha yake ikapotea. Kanibloku.

Huyu ni wa polisi. Tena kabla ya polisi apandishwe kulekule saa kumi alfajiri, avishwe boshori lake mwenyewe, asimamishwe penye upepo, aulizwe taratibu: merino asilimia ngapi? Waliolizwa naye hifadhini meseji na risiti za malipo, msifute kitu, tumshitaki kwa pamoja. Mtu anaweza kufa kwa kofia kama hii, halafu yeye yuko kwake anapima nyingine kwenye mzani.

Dalili, kwa kuwa mtaniuliza. Hakuna picha hata moja ya lebo ya ndani, nilipoiomba akasema "huwa tunazikata zisikukwaruze." Nikakubali! Alisema haipitishi upepo, wakati sufu ya kufuma yenyewe tu inapitisha, ndiyo maana watu wanaifunika. Hakutaka nilipe baada ya kupokea. Na kila nikiuliza jambo, zimebaki mbili. Siku tatu zimebaki mbili.

Kofia bado ninayo. Nimejaribu kusugulia sufuria, hata masizi haitoi.