Kamera ya picha za usiku Bagamoyo: ulizia kihisi, megapikseli baadaye

Mchana wa Bagamoyo kamera yoyote inatosha. Mtihani ni usiku: ngoma jukwaani TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, au harusi kwenye ukumbi wenye taa mbili tatu. Hapo picha hujaa chenga, na muuzaji aliyekusifia megapikseli hapokei simu.

Kihisi ni kipande cha silikoni chenye vyumba vidogo mamilioni, yaani pikseli (milioni moja ni megapikseli). Mwanga ukiipiga silikoni hung'oa elektroni, zikakusanyika katika kila pikseli mpaka muda wa kupiga uishe. Kisha chaji hiyo hupimwa na kugeuzwa namba. Mwanga ukiwa haba elektroni nazo ni chache, na chenga haziepukiki. Weka sinia na kisahani mvuani uone kipi kitakinga maji mengi. Kihisi kikubwa ndilo sinia.

Namba moja kwangu ni kamera ya APS-C iliyotumika, yenye kihisi cha karibu milimita 23.5 kwa 15.6 (za Canon ni kidogo pungufu), pamoja na lenzi ya 50mm f/1.8 (f ni tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Usidharau lenzi, ndiyo inayoingiza huo mwanga. Pikseli milioni 24 zinatosha hata kwa bango.

Ya pili ni ful-fremu, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, eneo zaidi ya mara mbili ya APS-C. Ni bora, lakini lenzi zake zitakumaliza. Nunua kama harusi ndizo zinazokulisha.

Ya tatu ni simu uliyonayo. Ile "megapikseli 50" mara nyingi huunganisha pikseli nne kuwa moja, ukabaki na 12.5. Mnada wa samaki asubuhi itaumudu.

Mwisho kabisa ni kamera ya mfukoni yenye zumu ndefu. Nyingi zina kihisi cha milimita 6 hivi kwa upande mrefu. Achana nazo.

Kabla ya kulipia iliyotumika, zima mpangilio wa kupunguza chenga, funika lenzi, weka ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) 1600, piga picha ya sekunde 10, uikuze. Nukta chache nyekundu au nyeupe ni kawaida, kwani joto nalo hung'oa elektroni pasipo mwanga. Zikitapakaa kote, mrudishie. Kisha piga anga kwa f/16: madoa meusi ni vumbi, husafishika, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.