TAHADHARI: Betri "mpya" za laptopu zilizofutwa kumbukumbu

Mnaotafuta betri ya laptopu ya kubadilishia, kuweni macho. Wapo wauzaji wanaochukua betri zilizochoka, wakafuta kumbukumbu kwenye chipu yake inayohesabu chaji, wakabandika stika mpya, wakaziuza kama zimetoka kiwandani jana. Ukiichomeka inasoma mizunguko 0 ya kuchaji na inajaa hadi 100%. Ukichomoa chaja inashuka 60, 58, mara 34, kompyuta inazima ghafla. Chipu inahesabu chaji ambayo seli hazina.

Ukilalamika utajibiwa: "Ichaji kwa muda wa saa 12, iache iishe kabisa, rudia mara tatu, itazoea." Usikubali. Hayo ni mambo ya betri za zamani za nikeli. Betri ya lithiamu ikijazwa mara moja na kutumiwa hadi chini mara moja, inatosha chipu kujipima upya. Ikiendelea kuzima baada ya hapo, seli ni mbovu, na anachosubiri muuzaji ni muda wako wa kurudisha bidhaa uishe.

Kabla hujalipa, piga hesabu. Betri nyingi za kuchomoa kwa nje zina seli za duara za saizi iitwayo 18650, na zile nzuri huishia karibu mAh 3500 (kipimo cha chaji; mAh 1000 ni Ah 1). Betri ya seli 6 ya volti 11.1 ina jozi tatu, na mAh zake ni za jozi moja, kwa hiyo haitarajiwi kuvuka karibu mAh 7000. Anayetangaza "seli 6, mAh 9000" anadanganya, hakuna haja ya kubishana naye. Vilevile volti mara Ah ziwe sawa na Wh (kipimo cha nishati) kwenye stika: 11.1 × 4.4 ni kama 49. Stika ikisema 73, achana nayo. Ukiwa na mizani, pima pia: seli moja ni gramu 45 hadi 50, kwa hiyo seli 6 zisipungue gramu 270 hata kabla ya ganda.

Volti 10.8 na 11.1 zisikutishe, ni mpangilio uleule wa seli au jozi tatu, wenye lebo tofauti. Lakini akikwambia ya 14.8 "itaingia tu" kwenye mashine ya 11.1, huyo hajui anachouza.

Ila msimwite mtu tapeli kabla ya kukagua upande wenu. Betri iliyogoma kwenye 60% au 80% mara nyingi imewekewa kikomo cha chaji kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) au programu ya mtengenezaji. Kwenye Dell nyingi, pini nyembamba ya katikati ya chaja ikivunjika, kompyuta inawaka lakini betri haichaji. ThinkPad kama X230 na T430 hukataa kabisa kuchaji betri isiyo na idhini ya mtengenezaji, na ujumbe huonekana wakati wa kuwasha. Hapo betri inaweza kuwa nzima ila muuzaji amekuficha kwamba haina idhini hiyo. Jaribu pia kuzima, kuchomoa chaja na betri, kisha kubonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30.

Ushahidi ukusanye siku ileile. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, uhifadhi ripoti. Linganisha DESIGN CAPACITY na stika: stika ikidai Wh 49, ripoti isome karibu mWh 49,000. Zikiwa sawa bado si uthibitisho, maana namba hizo zinatoka kwenye chipu ileile iliyochezewa. Kwa hiyo jaza betri, chomoa chaja, cheza video, na simu irekodi asilimia na saa hadi izime. Piga picha stika pande zote. Mazungumzo na malipo yabaki ndani ya jukwaa ulilonunulia. Akikuvuta nje "tumalizane kirafiki", kataa.

Betri ikivimba, hata kidogo, usiichaji tena kwa ajili ya majaribio wala usiitoboe. Muuzaji akidai umrudishie kwanza kwa kifurushi cha ndege, mjibu kwamba betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kwenye ndege, na mtumie picha.